Platinum Blonde (1931): nimeirudia filamu ya waandishi wa habari, na safari hii macho yangu yamekaa kwa Gallagher

Mpiga Chapa

Wakuu, habari za jioni.

Nilifanya kazi miaka kumi na mmoja kama mhariri msanifu kwenye gazeti moja la kila siku. Ni kazi ya kukaa hadi usiku wa manane mpaka kurasa ziende mtamboni. Mwenzangu wa dawati la michezo alinipa diski ya filamu za zamani za Marekani, akaniambia, "Tazama hizi, ni za watu kama sisi." Ndipo nilipoiona Platinum Blonde mara ya kwanza, usingizi ukinielemea, na asubuhi yake kilichobaki kichwani ni nywele za Jean Harlow tu. Wiki iliyopita nimeitazama tena, mara mbili. Nimeona nilipitwa na filamu nzima.

Kwa wasioijua: ilitoka mwishoni mwa Oktoba 1931, studio ya Columbia, mwongozaji Frank Capra. Hadithi ilitungwa na Harry Chandlee na Douglas Churchill, Jo Swerling akaifanyia kazi, na mazungumzo yakaandikwa na Robert Riskin. Mpiga kamera ni Joseph Walker. Inakaribia saa moja na nusu.

Stew Smith (Robert Williams) ni ripota wa gazeti liitwalo Post. Anatumwa kwenye jumba la akina Schuyler, matajiri wa siku nyingi, kufuatilia habari ya kijana wao aliyemwahidi ndoa msichana wa shoo, kisha familia ikamlipa huyo msichana ili anyamaze. Humo ndani anamkuta dada wa kijana, Anne (Harlow). Habari inaandikwa, familia inaaibika, lakini baadaye Stew anapata barua za mapenzi za kijana yule na badala ya kuzichapa anampelekea Anne mkononi. Anapewa hundi ya dola 5,000, anaikataa. Hapo Anne anaanza kumwangalia kwa jicho jingine. Wanatoroka na kuoana kimyakimya.

Kazini kuna ripota mwenzake, Gallagher (Loretta Young). Hatajwi kwa jina la kwanza. Wanaume wote wanamwita kwa ukoo, kama wanavyoitana wao kwa wao. Anampenda Stew, na Stew anamwona kama mshikaji tu.

Nilichotaka kuwaambia ni hiki. Watu wanaitaja hii kama filamu ya mwanamume aliyechagua kati ya tajiri na maskini. Mimi naiona kama filamu ya watu wawili wanaopendana kwa sababu wanafanya kazi pamoja. Stew ana mchezo wa kuigiza anaouandika miaka nenda rudi, na hauendi. Mara mandhari ayapeleke Uarabuni, mara Madrid, sehemu ambazo hajawahi kukanyaga. Gallagher ndiye anayemwambia aandike anachokijua: maskini aliyeoa tajiri. Kuanzia hapo maneno yanatiririka. Mapenzi ya filamu hii yapo kwenye taipureta. Busu za bustanini ni pambo.

Na kuna jambo la jina. Wakati wa kutengenezwa filamu iliitwa Gallagher. Jina lilibadilishwa ili kuuza nywele za Harlow (Platinum Blonde ni mwanamke mwenye nywele za rangi ya fedha), ambaye Columbia walimwazima kutoka kwa mtayarishaji wa filamu Howard Hughes baada ya kuvuma na Hell's Angels ya 1930. Hilo jina la kwanza limenifanya niitazame upya kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Karibuni tuijadili.

Siti ya Mbele

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, hii inapatikana kwa urahisi?

Mpiga Chapa

Mkuu, mimi nina diski, ila maduka mengi ya filamu za zamani mtandaoni wanayo. Tafuta nakala yenye sauti safi. Usikubali ile yenye mvumo wa mwanzo hadi mwisho, maana bila mazungumzo filamu hii haina maisha.

Bint Makunduchi

Asante kwa uzi, kaka. Nimeitazama zaidi ya mara tatu na nina neno la kumtetea Harlow, maana naona ameshaanza kuwekwa pembeni.

Kila anayeandika juu ya filamu hii anasema alipewa nafasi isiyomfaa, kwamba hafanani na binti wa ukoo mkubwa. Kumbukeni alikuwa na umri gani: alizaliwa Machi 1911, kwa hiyo hapo ana miaka ishirini tu. Mwaka huohuo alikuwa kwenye The Public Enemy. Na tazameni anavyomfanya Anne. Anne hamdanganyi Stew. Anampenda kweli, kwa namna ya mtu aliyezoea kwamba akipenda kitu kinahamishiwa kwake. Kile kipande cha mikanda ya soksi kinasema yote. Anne anamtaka mumewe avae vile vikanda vya kushikilia soksi, Stew anakataa, wanabishana kwa kuimba, wanacheka, wanakumbatiana. Mtazamaji anacheka nao. Halafu baadaye Stew anaonekana amevivaa. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyelazimishwa. Ndivyo mtu anavyohamishwa kutoka kwake, kidogo kidogo, kwa mapenzi.

Mwigizaji asiye na uwezo asingeweza kuufanya ugomvi ule uwe mtamu. Harlow anauweza.

Na kaka, umesema busu za bustanini ni pambo. Pale wanapobusiana nyuma ya maji ya chemchemi yanayoteremka kwenye kioo, Walker amepiga picha ambayo mpaka leo nikiiona nasimamisha filamu. Pambo gani hilo la kupitwa haraka hivyo?

Mpiga Chapa

Dada, kwa kile kipande cha maji nakubali, niliandika kwa haraka. Ni kizuri mno. Hata ukimya wake ni mzuri, maana hatuwasikii, tunaona midomo inatikisika nyuma ya maji. Filamu inayosema maneno mengi hivi, kisha dakika ile inaamua kunyamaza.

Na kuhusu Anne kutokuwa mbaya, nakubali pia. Familia yake ndiyo yenye dharau. Yeye kosa lake ni kudhani mapenzi yanatosha kumfanya mtu asihitaji kazi yake.

Ripota Mstaafu, Mombasa

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi nilikuwa ripota wa mahakamani na bandarini zaidi ya miaka ishirini. Niruhusuni niseme juu ya dola hamsini.

Mwanzoni kabisa, Stew yuko sebuleni kwa akina Schuyler na mwenziwe wa gazeti pinzani la Tribune, yule Bingy (Walter Catlett). Wakili wa familia anakuja na pesa, dola 50 kila mmoja, ili habari isiandikwe. Bingy anachukua na kwenda zake. Stew hachukui. Anakaa, anauliza, anafika kwenye simu na kumpigia mhariri wake.

Nimeketi mara nyingi kwenye chumba kama kile. Bahasha inapita, kila mmoja anatazama viatu vyake. Tulioikataa hatukuwa mashujaa, tulikuwa tunaogopa kuonana na mhariri tukiwa na mikono mitupu. Filamu inalijua hilo, maanake Stew hatoi hotuba ya maadili. Anaondoka na habari, na njiani anabeba na kitabu cha Joseph Conrad kutoka maktaba ya wenyewe kwa sababu anapenda kusoma. Mimi nilimwamini tangu pale. Ripota anayekataa pesa lakini akashindwa kukiacha kitabu, huyo namjua.

Linaloniuma ni hili. Mtu huyo huyo, siku anapooa, gazeti lake ndilo linalopigwa bao. Tribune wanaitoa habari ya ndoa yake kabla ya Post. Mhariri Conroy anapandwa na hasira, na mimi nilikuwa upande wa Conroy. Una habari kubwa ya mji mzima na habari yenyewe ni wewe, unaificha? Pale ndipo alipoanza kutoka katika kazi, kabla hata hajahamia lile jumba.

Siti ya Mbele

Shikamoo mzee. Conroy anamwambia nini hasa? Nasikia ndipo lilipotoka lile neno la tundu.

Ripota Mstaafu, Mombasa

Marahaba mwanangu. Conroy anamwambia amekuwa ndege kwenye tundu la dhahabu. Na waandishi wenzake wanamwita Cinderella wa kiume. Nyinyi vijana wa Bara mna neno lenu, marioo, mwanamume anayelelewa na mwanamke. Ndilo hilo. Stew anaapa kwamba hatavaa vikanda, hatahamia kwa mke, wataishi kwenye fleti yake kwa mshahara wake. Halafu anahama. Bingy anakuja kumtania akiwa ndani ya jumba, Stew anampiga ngumi. Hasira zote zile ni kwa sababu anajua anachoambiwa kina ukweli.

Fundi Mitambo

Naomba niingie kwa upande wa sauti, ndiyo kazi yangu, nimekaa studio ya redio muda mrefu.

Tukumbuke tuko wapi. The Jazz Singer ilitoka Oktoba 1927. Kati ya hapo na 1930 kamera zilifungiwa kwenye vibanda kama vya simu ili mlio wake usiingie kwenye maikrofoni, na waigizaji wakawa wanasimama kuzunguka mahali maikrofoni ilipofichwa, kila mmoja akingoja mwenzake amalize ndipo aseme. Filamu nyingi za 1929 zinachosha kwa sababu hiyo. Kufikia 1931 kamera ilikwishatoka kibandani, inavikwa kifuniko chake cha kuzuia mlio, na maikrofoni inaning'inia juu na kufuata watu.

Lakini vifaa peke yake havitoshi. Inabidi awepo mtu anayejua kuongea. Robert Williams alitoka jukwaani, na bado haongei kwa sauti ya jukwaani. Anameza maneno, anajikatiza, anaanza sentensi upya, anaropoka jambo huku akitazama kwingine. Mwaka huo wa 1931 waigizaji wengi bado walikuwa wanatamka kila silabi kana kwamba wako mbele ya bwana mkubwa. Msikilizeni halafu msikilizeni yule wakili Grayson (Reginald Owen). Tofauti ya matabaka imo kwenye kasi ya ulimi kabla haijawa kwenye nguo.

Halafu kuna kipande cha mwangwi. Stew yuko peke yake katika ukumbi wa jumba, hana la kufanya. Anatoa sauti, ukumbi unamrudishia. Anajaribu tena. Mtumishi mkuu Smythe (Halliwell Hobbes) anakuja, na muda si mrefu naye anaingia katika mchezo. Filamu bubu isingeweza kufanya hivi. Ukubwa wa nyumba tunausikia, hatuuoni tu. Mimi nikifundisha vijana kazi ya sauti huwa nawapigia kipande hicho.

Capra aliurudia mwangwi huo mwaka 1936 kwenye Mr. Deeds Goes to Town, tena akiwa na Riskin, na humo pia mtu wa kawaida ndani ya jumba anaitwa Cinderella. Ni wazi walijua walichokipata mara ya kwanza.

Bint Makunduchi

Fundi, umenigusa kwa Smythe. Kile kipande baada ya mwangwi, anapomweleza Stew juu ya kushikashika vitu, ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Stew anamuuliza watu hufanya nini mchana kutwa kwenye nyumba kama hii. Mzee anamjibu kwamba hushikashika. Unapanga hiki, unagusa kile, unahamisha kile kingine, siku inaisha. Kiingereza wana neno moja tu la hilo. Nimehangaika sana nilipokuwa nikimsimulia bibi yangu, mwishowe nikasema "kuhangaishahangaisha mikono bila haja," akaelewa papo hapo. Kisha Smythe anasema si kila mtu anaweza. Inataka akili iliyotulia. Samaki anaweza kushikashika majini, nchi kavu hawezi. Tai anaweza kileleni kwa mlima, tunduni hawezi. Na kwa heshima zote, kama Smythe anavyoongea na Smith, anamwambia: wewe ni tai tunduni.

Mtumishi ndiye wa kwanza ndani ya nyumba ile kumwona Stew alivyo. Anamwambia kwa upole na haombi radhi kwa kusema kweli.

Mtunza Maktaba

Nimesoma uzi wote. Sitaki kuharibu furaha ila Gallagher ananiacha na kinyongo. Mleta uzi anasema filamu ni yake. Kama ni yake, mbona kazi yake ni kungoja? Anangoja Stew aoe, anangoja aachwe, anangoja agundue. Hatuoni habari hata moja aliyoiandika yeye. Na pale anapoonekana kuwa mrembo ni siku aliyovaa gauni la jioni kwenye hafla, na Stew anamshangaa kana kwamba hajawahi kumwona. Miaka yote hiyo dawati moja!

Nimefanya kazi na magazeti ya kale ya Marekani kwenye mikrofilamu. Wanawake waliokuwepo magazetini wakati ule wengi walifungiwa kurasa za jamii: harusi, karamu, nani kavaa nini. Ishbel Ross, Mskoti aliyekuwa ripota wa New York Tribune tangu 1919, aliandika kitabu kizima mwaka 1936 kuhusu waandishi wanawake, na ugumu wa kufika ukurasa wa mbele ndio uti wa mgongo wa kitabu chenyewe. Tazameni Gallagher kaingiaje kwenye hafla ile: ametumwa kushika nafasi ya mwandishi wa kurasa za jamii. Filamu inalionyesha bila kujua kwamba inalionyesha.

Mpiga Chapa

Mtunza Maktaba, hoja yako nimeipokea na nimekaa nayo siku mbili kabla ya kujibu.

Ni kweli hatuoni habari aliyoiandika. Hilo ni pengo na siwezi kulifunika. Lakini tazama tena anavyotendewa na wenzake. Hakuna anayemtongoza, hakuna anayemwambia akalete kahawa. Kwenye baa ya Joe (na hii ni miaka ya marufuku ya pombe, kwa hiyo baa yenyewe ni ya magendo) anakaa nao meza moja, anacheka kwa kelele kama wao. Nilikuwa na mwenzangu wa kike kwenye dawati letu, mhariri wa habari za mikoani, hodari kuliko sisi wote. Tulimwita kwa ukoo. Tulidhani ni heshima. Siku anaondoka aliniambia kwamba katika miaka sita hakuna mtu aliyemuuliza mtoto wake anaendeleaje. Nilipomwona Gallagher safari hii, yeye ndiye aliyekuja akilini. Anaitwa kwa ukoo, na humohumo amefichwa.

Na Loretta Young anaucheza ufiche ule. Alikuwa na miaka kumi na minane tu. Mwaka uliotangulia, akiwa na kumi na saba, yeye mwenyewe alitoroka akaolewa na mwigizaji Grant Withers, na ndoa ikabatilishwa 1931. Sitaki kusema alileta hayo kazini, ila tazameni uso wake Stew anapomsifia Anne. Anatabasamu sekunde moja zaidi ya inavyotakiwa, basi.

Sasa lile la kungoja. Nadhani hangoji. Usiku ule Anne hayupo, Stew amekwama na mchezo wake, anamwita Gallagher aje. Anakuja na mwenzao Hank, halafu Joe na baa nzima wanafuata, nyumba inajaa walevi na nyimbo. Yeye yuko juu na Stew, kwenye karatasi. Anauliza maswali ambayo mhariri mzuri huuliza. Umewahi kufika Madrid? Kwa nini basi unaandika Madrid? Unajua nini? Kila mwandishi aliyewahi kukaa na mhariri wa kweli anajua hali ile ya kuvuliwa nguo na kuvikwa vyako mwenyewe. Hiyo ni kazi. Jina lake halitakuwa kwenye jalada la mchezo, lakini mchezo hauendi bila yeye. Kama ni pengo la filamu, basi ni pengo la vyumba vyote vya habari nilivyovijua.

Mtunza Maktaba

Jibu zuri. Kinyongo kimepungua, hakijaisha.

Ripota Mstaafu, Mombasa

Na muitazame ile kurudi kwa Anne. Anakuta chini kelele, juu mumewe na mwanamke mwingine. Ugomvi unaanza kwa Gallagher lakini hauishii kwake. Unaishia kwenye swali la nyumba ni ya nani. Stew anajitambua kwamba yeye ni mpangaji tu pale. Anaondoka usiku ule ule. Nimewahi kuona ndoa mbili zikivunjika kwa swali hilo hilo, hapa hapa mjini, na hakuna tajiri aliyekuwamo.

Siti ya Mbele

Nimeshaipata na nimeimaliza jana! Swali: mbona ni kinyume na It Happened One Night? Pale pia ni ripota na binti tajiri, mwongozaji Capra, mwandishi Riskin, na pale ripota anabaki na tajiri wake. Miaka mitatu tu baadaye.

Fundi Mitambo

Swali zuri kijana. Ile ya 1934 ilizoa tuzo tano kubwa za Oscar, za filamu bora, mwongozaji, mwandishi, mwigizaji wa kiume na wa kike. Mimi jibu langu ni la miguu: nani anahama? Mwaka 1931 ripota anaingia nyumbani kwa tajiri. Mwaka 1934 binti tajiri anatoka nyumbani kwa baba yake, anapanda basi la abiria, analala kwenye vibanda vya wasafiri, anakula karoti mbichi. Anamfuata mwanamume kwenye ulimwengu wa mwanamume. Ukitazama hivi, Ellie, yule binti wa 1934, ni Anne aliyekubali kutoka, akachanganywa na ulimi wa Gallagher. Riskin aliwayeyusha wanawake wawili akapata mmoja.

Bint Makunduchi

Hilo la kuyeyusha wanawake wawili nitalifikiria usiku kucha, fundi.

Na Harlow naye aliyeyuka. Mwaka 1932 alihamia studio ya MGM, wakampa vichekesho, na ikaonekana alikuwa na kipaji cha ulimi kumbe. Mwaka 1936, kwenye Libeled Lady, amerudi kwenye ulimwengu wa magazeti, safari hii ni mchumba wa mhariri (Spencer Tracy) ambaye kila siku ya harusi ikifika gazeti linapata dharura. Anapiga kelele katika ofisi ile akiwa na gauni la harusi. Mwaka uliofuata, Juni 1937, alifariki akiwa na miaka 26.

Siti ya Mbele

Na Robert Williams? Nimetafuta filamu zake nyingine nimekuta chache mno.

Mpiga Chapa

Ndugu yangu, ndilo nililokuwa nalichelewesha. Alifariki tarehe 3 Novemba 1931, siku chache tu baada ya filamu kutoka. Kidole tumbo kilipasuka, sumu ikaenea tumboni. Dawa za kuua vijidudu tunazozipata leo kwenye duka la dawa hazikuwepo wakati ule. Mwaka huohuo alikuwa ameonekana kwenye Rebound, The Common Law na Devotion, nafasi za kusaidia. Hii ndiyo filamu aliyopewa kuibeba, na akaibeba.

Nilipoitazama mara ya kwanza sikuwa najua. Safari hii nilijua, na pale kwenye mwangwi nilishindwa kukaa kitini.

Wanahistoria wengi wa sinema wanasema angekuwa mkubwa. Mimi siwezi kupima hilo. Najua tu kwamba kwa saa moja na nusu anaongea kama watu walivyoongea, miaka minne tu tangu sinema ijifunze kuongea, na bado ukimsikia leo hauchoki.

Ripota Mstaafu, Mombasa

Inna lillahi. Sikuwa na habari hiyo. Nimeitazama miaka yote nikidhani aliacha sinema.

Bint Makunduchi

Ninaleta mrejesho. Jana usiku niliitazama na baba. Baba yangu alikuwa mpangaji herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, enzi za herufi za madini ya risasi, vidole vyake mpaka leo vina alama. Kiingereza chake ni kidogo, nilikuwa namtafsiria.

Kwa Harlow hakusema kitu. Kwenye maji ya chemchemi alisema, "Hapo wamejitahidi." Kwenye vikanda vya soksi alicheka hadi akakohoa. Tulipofika mwisho, Stew amerudi fletini kwake, wakili amekuja kumtangazia pesa za talaka na amekula ngumi, sasa amebaki na Gallagher wanautafutia mchezo mwisho wake. Wanabishana mhusika aende kwa nani. Stew anaeleza, anatembea, anarudi, na katikati ya kueleza anamwona aliyekaa mbele yake.

Baba akaniambia nisimtafsirie sehemu hiyo. Filamu ilipokwisha akauliza kama naweza kurudisha nyuma, tuanzie pale wanapokaa kuandika.